Raba za Bwana Msengi

Raba ya bingwa haijui mkono wako. Mmeisikia leo kwa kocha wenu mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza ilitoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli pale Tabora, alikuwapo fundi cherehani aitwaye Nyamizi, aliyependa mpira wa meza kuliko usingizi. Mchezo wake ulikuwa wa kungoja. Alisimama mbali na meza, akarudisha kila kimpira taratibu, mpaka mpinzani anachoka na kukosea mwenyewe. Miaka miwili mfululizo alikosa nafasi katika timu ya mkoa kwa pointi chache tu. Mwaka ule alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijua hakuna mara nyingine. Aliitaka nafasi ile mpaka ikawa inamjia ndotoni.

Bingwa wa ukumbi, Bwana Msengi, alipohamishwa kikazi alimwachia Nyamizi raba zake, zile ngozi za mpira zinazobandikwa kwenye kibao. Zilikuwa laini na zenye kunata, na kimpira kikizigusa kiliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Ukumbini pale kulikuwa na desturi ya kuonja raba. Kabla ya kubandika, mchezaji alizishikiza kidogo tu kwenye kibao, akafumba macho, akadundisha kimpira mara mia huku akiusikiliza mkono wake. Nyamizi hakuonja. Raba za bingwa zionjwe ya nini? Alizibandika siku ileile.

Wiki tatu nzima kila alichogusa kilipaa nje. Hata wanaojifunza walimfunga. Aliulaumu mkono, akaukanda kwa mafuta ya moto, na moyo ukamuuma vibaya sana.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mchujo wa timu ya mkoa, Mama Kabula, mtunza vifaa, alimkuta amekaa sakafuni, mvua ikinyesha juu ya bati.

"Mwanangu, hizi ulizionja?"

"Mama, si ni za Msengi!"

"Msengi anapiga, wewe unapokea. Nani alikwambia mnakula sahani moja? Hebu fumba macho."

Akazibandua, kisha akawa anamshikizia raba nyingine kutoka kwenye kopo la biskuti, moja baada ya nyingine. Nyamizi akadundisha. Sauti ya mvua na sauti ya kimpira zikachanganyika hata asijue ipi ni ipi, akahisi kama anaelea. Kisha sauti ikawa nzito, ya pole. Kimpira kilitua, kikatulia kidogo, kikaondoka pale alipotaka kiondoke. Bega likalegea. Alipofumbua macho machozi yalimtoka, kwa kuwa zilikuwa raba kuukuu, zimefifia, ambazo hakuna aliyewahi kuzitaka.

"Watanicheka, Mama."

"Wacheke. Meza haina macho."

Raba za Msengi zikatiwa koponi. Jioni yake Siwema, aliyepangwa kuchuana na Nyamizi, msichana mwenye kipigo kizito, alizikuta humo akazibandika harakaharaka. Naye hakuonja.

Jumamosi walicheza wawili hao, na mshindi ndiye angekwenda na timu. Walifika seti ya tano, kumi kwa tisa, Nyamizi mbele, amebakiza pointi moja ashinde. Siwema akapiga kwa nguvu zake zote. Nyamizi akakirudisha kutoka kule nyuma, kimpira kikaelea polepole. Siwema akakikandika tena. Raba zile zikakirusha mno: kikapita juu ya meza, kikapita juu ya kichwa cha Nyamizi, kikagonga ukuta.

Nyamizi alipiga magoti akalia kwa furaha bila kuona haya. Siwema alikitazama kibao chake, kisha akaja kumwinua.

"Dada, nilidhani nimembandika Msengi mwenyewe," alisema, anacheka na machozi yanamtoka. "Kumbe raba ya bingwa haijui mkono wako."