Chui na Santuri Tano

Masikio yapo?

— Yapo.

Yamelala au yameamka?

— Yameamka.

Basi mwenye kutafuna aache kutafuna, na mwenye kukoroga chungu akoroge polepole. Mzigo huu nimeubeba tangu mbali. Nikiutua, mtaupokea?

— Utue, tutaupokea.

Zamani, wala si zamani sana, maana gramafoni zilikuwa zimekwisha kuja, palikuwa na nyumba ya mbao juu ya kilima, kando ya msitu. Humo aliishi mwalimu mzee wa muziki, peke yake. Kila alasiri alitoa santuri moja kwenye mfuko wake wa karatasi ngumu, akaipangusa vumbi, akamtaja aliyetunga muziki wake, kisha akazungusha mpini wa gramafoni. Krr, krr, krr. Muziki ukatoka kwenye pembe kubwa la bati, ukateremka kilima mpaka msituni.

Santuri zilikuwa tano na majina yalikuwa matano: Bakhi, Haideni, Mozati, Shubati, Bethoveni.

Chini ya baraza alilala Chui, akisikiliza. Sitaki kumsema vibaya Chui. Alikuwa amezeeka, magego mawili yameng'oka, mbio zimemwisha, na muziki ule ulimsahaulisha njaa. Siku moja alimsikia mwalimu akimwambia mgeni wake, "Hawa wazee watano hawafi. Ukiwataja kwa majina yao, wanakuja mpaka hapa barazani." Mwalimu alisema tu, kama watu wanavyosema. Chui aliyabeba maneno yale mazima mazima, akaenda nayo.

Siku zikapita. Likaja lori, likachukua kitanda, meza na mwalimu mwenyewe. Gramafoni haikupata nafasi, ikabaki na santuri zake. Lori lilipopotea kwenye kona, Chui akapanda barazani, akakaa.

Akakaa mpaka njaa ikamwuma. Ndipo akawaita wanyama wote chini ya kilima.

"Kila Ijumaa mchana nitamwita mmoja wenu," akawaambia. "Atachagua santuri mwenyewe, asije akasema nimemwonea. Mimi nitaipiga. Akimtaja mtunzi, atarudi kwake salama. Asipomtaja, hatarudi. Na asiyeitika wito, nitamfuata nyumbani kwake, na huko sitauliza nani mkubwa nani mdogo."

Akaitwa Ngiri. Ngiri akaenda. Krr, krr, krr. Gramafoni ikalia. Ngiri hakurudi.

Akaitwa mtoto wa Bi Paa, kijana wa miguu myembamba. Akaenda. Krr, krr, krr. Gramafoni ikalia. Mtoto wa Bi Paa hakurudi.

Akaitwa Kanga. Kanga akaenda. Krr, krr, krr. Na Kanga naye hakurudi.

Mtauliza, hawakujifunza? Walijifunza. Chui aliwalazimisha wote wakae mbele ya baraza watazame, na kila mmoja aliposhindwa, yeye alitangaza jawabu kwa sauti kubwa: huyu ni Haideni, huyu ni Mozati. Mwezi wa tatu ulipoingia, msitu mzima ulikuwa unajua wote watano. Nungunungu aliwataja kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho huku akichimba viazi, kisha akawataja kinyumenyume. Lakini Nungunungu alipoitwa, akasimama pale juu, akausikia mvuke wa pumzi ya Chui shingoni, majina yote yalimtoka. Aliulizwa Mozati, akamtaja shangazi yake.

Mifuko mitano ilipangwa sakafuni. Aliyeitwa aliweka mguu juu ya mmoja. Chui aliuokota, akauleta puani, nff, nff, kisha akaitoa santuri. Hakuna aliyejiuliza kwa nini Chui ananusa. Aliyesimama pale hakusikia harufu nyingine ila ya Chui.

Na lililotisha zaidi ni kwamba muziki ule ulikuwa mzuri. Wa Bakhi ulitiririka kama maji yanayoshuka ngazi. Wa Shubati ulikwenda kama mtu atembeaye peke yake jioni akiwaza. Wa Bethoveni ulibisha hodi: mabisho matatu mafupi na moja refu, ko-ko-ko-KOO, kama mgeni asiyekusudia kuondoka. Wanyama wakaanza kuogopa kila kitu kizuri. Ndege wa upande ule wa kilima waliacha kuimba asubuhi.

Na tuseme kweli: kila lilipoitwa jina la mmoja, waliobaki walishusha pumzi. Simlaumu mtu. Pumzi hushuka yenyewe.

Mpo?

— Tupo.

Sogeleaneni kidogo.

Katika msitu huo aliishi Sange. Sange ni mnyama mdogo, kama panya aliyeazima pua ya tembo. Ana mazoea mawili. La kwanza, hufagia vijia vyake kila siku kwa miguu, jani moja lisibaki. La pili, akiogopa, nyayo zake hupiga chini zenyewe: tuku tuku tuku.

Ijumaa moja Chui, hali akilamba vidole, alitupa macho chini ya kilima, akaviona vijia vile vimenyooka safi. "Ijumaa ijayo," akasema, "niletewe mwenye kufagia."

Tuku tuku tuku. Sange akarudi nyumbani, akamweleza mkewe. Bibi Sange hakulia. Walikuwa na watoto watatu, nao walikuwa wanasikiliza. Alimwambia mumewe ajizoeze. Yeye atasimama nyuma yake na kunguruma kama Chui, na mume ataje.

Bibi Sange akajaza kunde mdomoni ili sauti iwe nzito. "Ngrrr. Huyu ni nani?"

Sange akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nyayo tu: tuku tuku tuku.

"Baba watoto, ni mimi."

"Najua ni wewe, mke wangu. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mbele yako nimesahau, mbele yake itakuwaje?"

Wakajaribu Jumamosi, wakajaribu Jumapili, wakajaribu Jumatatu. Kila mara jina lilimfika ulimini, likageuka likarudi. Sange akaona kwamba kujua hakutamsaidia. Alijua tayari. Akaamua kwenda kutazama yule anayeuliza anajuaje.

Jumanne mchana akaingia chini ya sakafu ya baraza, akapachika jicho kwenye ufa wa mbao. Juu yake, Chui alikuwa anapangusa santuri. Aliuinua mfuko wa kwanza, akaunusa. Nff, nff. Mwalimu aliwahi kuumwagia kahawa mfuko huo.

"Kahawa," akanong'ona Chui. "Shikamoo, mzee Shubati."

Akaunusa wa pili, uliowekwa miaka mingi karibu na nguo za sanduku. "Kafuri. Shikamoo, mzee Bethoveni." Wa tatu ulinuka mafuta ya taa, huyo alikuwa mzee Haideni. Wa nne tumbaku, wa tano ukungu. Kila mfuko Chui aliuamkia, na kila alipoamkia, Sange aliziona kucha zake zikitetemeka.

Upepo ukavuma. Mfuko mmoja ukaanguka, ukalala juu ya mwenzake. Chui akaruka nyuma mpaka ukutani.

"Nisameheni, wazee wangu," akasema. "Sijamwita mtu kwa jina la mwenzake. Tangu mwalimu aondoke, sijamwita."

Kumbe Chui aliamini wazee watano wamo mle ndani ya pembe la bati, wanasikia. Kumbe muziki hakuujua hata mmoja. Alijua harufu. Na kila Ijumaa, wakati wanyama wakimtetemekea, yeye aliwatetemekea wengine. Nadhani Sange alimwonea huruma kidogo pale chini. Lakini huruma haikuifuta Ijumaa.

Alirudi nyumbani akasimulia. Bibi Sange akauliza, "Huyo mwenye kubisha hodi, hubishaje?"

Sange akapiga kwa nyayo: tuku-tuku-tuku-TUU.

Watoto watatu wakapiga pamoja: tuku-tuku-tuku-TUU. Udongo ukaanguka kutoka darini.

"Basi," akasema Bibi Sange. "Wewe kashughulikie mifuko."

Alhamisi Chui alizianika santuri barazani, kila moja imekaa kando ya mfuko wake mtupu, akalala. Sange akapanda. Kati yake na mifuko ulinyooka mkia wa Chui. Akauruka. Akauuma kwa ncha ya meno mfuko wenye kafuri, akauvuta. Kwaru. Akasimama. Akavuta tena. Kwaru, kwaru. Sikio la Chui likatikisika. Sange akazikandamiza nyayo zake kwa nguvu zake zote zisipige, mpaka misuli ikamwuma. Sikio likatulia. Akaufikisha mfuko wa kafuri kwa Shubati, akaushika wa kahawa, akauvuta kwa Bethoveni. Kwaru, kwaru, kwaru. Akashuka, akijua kwamba Chui akiamka ataitia kila santuri katika mfuko ulio kando yake. Alipofika kijiani pake, aliziachia nyayo, zikapiga zenyewe mpaka zikachoka.

Ikafika Ijumaa.

Akaitwa Sange. Sange akaenda. Wanyama wote walikaa mbele ya baraza, hakuna aliyemtazama machoni. Chini ya sakafu, asiyeonekana na yeyote, alijibanza Bibi Sange na watoto watatu.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Chagua."

Sange aliitafuta harufu ya kahawa katikati ya harufu ya Chui. Akaikosa. Akaitafuta tena, pua yake ndefu ikicheza. Akaipata, nyembamba kama uzi, akaweka mguu.

Chui akaunusa mfuko. Nff, nff. Akatabasamu kwa meno yaliyobaki. Krr, krr, krr.

Ko-ko-ko-KOO, ikasema gramafoni.

Chui akaja nyuma ya Sange, pumzi yake ikamwagikia shingoni. "Huyu ni nani?"

Sange alijua. Alijua siku nyingi. Akafungua mdomo, na jina likamtoka, likaenda lilikokwenda la Nungunungu. Hata alichopanga kusema baada ya jina hakukikumbuka. Nyayo tu: tuku tuku tuku.

"Umekosa," akasema Chui. "Huyu ni mzee Shubati."

Mbele ya baraza wanyama wakatazamana. Kisha Bi Paa akasimama. Miezi mitatu hakuwa amesema neno mbele ya watu.

"Huyo si Shubati," akasema. "Huyo ndiye aliyelia siku ya mwanangu. Kila nikilala namsikia. Huyo ni Bethoveni."

Mmoja akaitikia kwamba ndiye. Wa pili akaitikia. Hofu ilikuwa imewafundisha vizuri. Chui akaudaka mfuko, akaunusa tena na tena. Kahawa. Akaitazama santuri ikizunguka. Kahawa.

Ndipo Sange alipopata sauti, ndogo kama ya mtoto aliyeamshwa. "Bwana mkubwa, umemwita mzee kwa jina la mwenzake. Naye amesikia."

Na chini ya miguu ya Chui, ndani ya mbao zenyewe, kukabishwa hodi.

Tuku-tuku-tuku-TUU.

Chui hakusogea.

Tuku-tuku-tuku-TUU.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema, na sauti ilikuwa ya mnyama mzee sana. "Mfuko ulinuka kahawa."

Hodi ya tatu ilipokuja, wanyama wote waliokaa pale chini walikuwa wanaipiga pia, kwa kwato, kwa kucha, kwa mikia, bila kujua wameanza lini. Baraza likatikisika. Chui akaingia nyumbani, akatokea dirisha la nyuma, akaangukia upande wa pili wa kilima, akakimbia mbio alizodhani zimemwisha. Hajaonekana tena. Wapitao milima ya mbali husema yuko huko, anakula panzi, na kila anapotaka kulala huamkia mawe matano kwanza.

Gramafoni ikabaki. Hakuna aliyeigusa. Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Siku moja mchana Bi Paa alikuja kwenye kijia kilichofagiwa, akamwomba Sange ampandishe kilimani na kumzungushia mpini. Sange alisema anaogopa. Bi Paa akasema yeye pia.

Wakapanda. Krr, krr, krr. Ko-ko-ko-KOO. Msituni kila mnyama aliacha alichokuwa anafanya, na nyayo za Sange zikaitika zenyewe. Bi Paa alisikiliza amefumba macho, mpaka sindano ikafika mwisho ikawa inakwaruza tu.

"Irudie," akasema.

Sasa funzo. Ngano bila funzo hamtanipa chakula. Funzo ni hili: watoto, yashikeni sana majina ya wakubwa. Sange, aliyesahau jina siku ya mtihani, mpaka leo anafagia njia na kula wadudu. Lakini Chui, aliyeyajua yote matano na kuyataja kwa adabu, amesafiri mbali, ameona milima.

Mzigo nimeutua?

— Umeutua.

Basi chungu kikorogwe kwa nguvu. Na akibisha mtu hodi saa hizi, nendeni wawili, mumwulize jina lake kabla hamjamwita.