Kibaba cha Malkia na Mizani ya Jini

Katika mji wa Marjani, ambao masoko yake yalinukia udi na asali, alitawala Sultani Fadhluni, na mwanawe wa pekee, Shamsi, alikuwa kijana mzuri wa sura lakini ulimi wake haukujua kutulia. Jini Barkashi alipofika kasrini, Shamsi akazicheka pembe zake, na papo hapo jini akamgeuza kasuku.

Sultani akaangua kilio na kuomba radhi. Jini akasema, "Ewe Sultani, marehemu mama yako alinikirimu hapa kwa halua ya tende, zabibu na mapera, nami sijaonja mfano wake tena. Mpishi wako aje kwangu, nyuma ya mlima Kafu, anipikie halua ile ile. Chombo cha binadamu hakiingii kwangu. Atakuta sufuria zangu na mizani yangu. Akipatia, mwanao atarudi. Akikosea, atabaki kasuku maisha yake yote."

Mpishi alikuwa Somoe binti Shali, naye alimpenda Shamsi kimyakimya tangu siku alipomfuma jikoni akiiba sambusa. Halua ile aliijua, lakini kwa vibaba vya kujaza, wala si kwa ratili za mizani, na kwa jini kibaba hakitaingia.

"Usihangaike, binti," Waziri akamwambia. "Kibaba ni kibaba. Pima tende tu, na matunda mengine yatakuwa na uzito huo huo."

"Waziri wangu, kwa heshima yako," akajibu Somoe, "zabibu hubanana, na mapera yaliyokatwa huacha mianya. Haviwezi kulingana."

Basi akatwaa kibaba cha malkia, yule marehemu mama wa Sultani, ambacho sasa kasuku alinywea maji, akakikausha, akakijaza tende, akakifuta juu kwa kiganja, na alipotaka kuzimimina kwenye mizani ya kasri, kasuku akapiga kelele.

"Somoe! Bibi alizitoa kokwa kwanza! Na kukifuta kibaba aliona ni uchoyo. Alijaza mpaka kikafurika!"

Somoe akazirudisha tende kapuni, kwa kuwa alikuwa karibu kuubeba uzito wa uongo mpaka Kafu. Akaanza upya, tunda kwa tunda, na kila ratili akaihifadhi kichwani kama dua.

Jini akambeba, naye akapima na kupika. Barkashi akaonja, na machozi yake yakadondoka jikoni yakichemka.

"Wallahi, ni ile ile," akasema. "Hata ukarimu wa yule bibi umo."

Somoe aliporudi alimkuta Shamsi amekaa juu ya kijiti cha kasuku, mtu mzima, miguu inaning'inia.

"Somoe," akasema, "sambusa zimebaki?"

Somoe akacheka huku analia. Wakaozwa kwa shangwe na Sultani akawatunuku lulu na mashamba, na Barkashi akaja harusini, na hakuna aliyethubutu kuzitazama pembe zake. Na funzo ni hili: ukitaka kuyapima matunda, pima kila moja kwa uzito wake, lakini akija mgeni, usikifute kibaba.