Uso wa Mwantumu

Mkata ni mji wa kupita. Mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam husimama hapo kwa muda wa kununua mahindi ya kuchoma, kisha huondoka na kuwaachia wenyeji vumbi. Katika miaka ile, simu za kupapasa zilipokuwa bado za wachache, mtu aliyetaka kumbukumbu ya mwanawe au ya mzazi wake alimwendea Fatu, mwanamke mrefu, mchangamfu, ambaye chumba chake cha picha kilitazamana na kituo cha mabasi.

Fatu alikuwa na kamera moja ndogo iliyoenea kiganjani. Lenzi yake haikuvuta. Ukitaka kumpata mtu karibu, ulimsogelea kwa miguu yako mwenyewe. Lakini tundu lake la kupitishia mwanga lilikuwa pana, likinywa mwanga kama ardhi ya kiangazi inywavyo mvua ya kwanza. Kwa kamera hiyo alimpiga picha mama yake Lekakeny, mfugaji wa ng'ombe, ndani ya nyumba ya udongo iliyojaa moshi, bila flashi, na kila kunyanzi la uso wa bibi yule likaonekana. Tangu hapo sifa zake zilivuma. Akawa anaitwa kwenye vyumba vya wazazi, harusi za ndani na vitandani mwa wagonjwa.

Hata hivyo, moyo wa binadamu haushibi. Kila msimu wa mpira, Fatu alikwenda uwanjani Handeni akarudi na picha ambamo wachezaji walionekana kama siafu. Wapiga picha wengine walicheka. Kicheko kile kilimchoma kama mwiba wa mkonge, na siku moja akapanda basi kwenda Korogwe, kwa Mustafa, muuzaji wa kamera zilizotumika.

Mustafa alimwekea kamera nyingine juu ya meza. Alipoiwasha, lenzi ikachomoza kama shingo ya kobe.

"Hii inavuta mpaka kule kwenye mnara wa simu," alisema.

"Na ndani ya nyumba?"

"Ndani itakusumbua, dada Fatu. Kadiri inavyovuta, ndivyo tundu la mwanga linavyobana. Lenzi ndogo hivi haipewi vyote viwili. Ya kufika mbali na kuona gizani kwa pamoja ingekuwa nene kama mchi wa kinu, usingeitia mkobani. Ningekuwa wewe, ningebaki na ile ya zamani mpaka niweze kuwa na zote."

"Mkono wangu hautetemeki," Fatu alijibu. "Nitautuliza, na vyote nitavipata."

Mustafa alikuna kidevu, akaipokea kamera ya zamani, akamkabidhi mpya.

Msimu ule Fatu aling'ara. Aliyanasa mashuti, alizinasa kanzu za mpira kupita juu ya vichwa, alilinasa jasho kwenye paji la kipa. Kweli, picha za ndani zilianza kutoka nyeusi kama masizi, na alipowasha flashi nyuso zilikuwa bapa, zimekodoa macho. Wateja waliponung'unika, aliwaambia nyumba zao ndizo zenye kasoro.

Fatu alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Amne, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Amne aliolewa Korogwe na Iddy, fundi seremala. Mimba zake mbili zilitoka. Ya tatu ilipofika mwezi wa saba, kifafa cha mimba kikamwangusha jikoni. Madaktari walimpasua wakamtoa mtoto wa kike, mdogo kama njiwa, na Iddy akamwita Mwantumu. Amne alikimbizwa Tanga kwa gari la wagonjwa, hajitambui, shangazi yao akiwa kando yake. Mtoto hakuweza kusafirishwa. Alibaki Korogwe katika chumba cha watoto njiti.

Amne alipozinduka, alimpigia dada yake simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Dada, sijamwona mwanangu. Nipigie picha yake. Nataka uso tu."

"Kesho asubuhi, mdogo wangu. Utamwona kama umempakata."

Siku hiyo ilikuwa pia ya fainali Handeni, na Fatu alikuwa ameahidi kuwapiga picha washindi. Akajiambia kuwa kwa kamera moja na siku moja, yote yangewezekana.

Hospitalini Korogwe, muuguzi, mama wa makamo aitwaye Asnath, alimruhusu kusimama nje ya kioo cha chumba cha njiti. Ndani pazia la dirisha lilikuwa limeshushwa, na taa ilikuwa hafifu kama mshumaa unaokaribia kuisha.

"Flashi hapana," Asnath alisema. "Macho yao bado machanga."

Fatu akavuta lenzi. Uso wa mtoto ukajaa kwenye kioo kidogo cha kamera, ukiwa giza na ukicheza. Akabana pumzi, akaegemeza kiwiko ukutani, akapiga. Ukungu. Akapiga tena. Ukungu. Kila alipovuta karibu, giza lilizidi.

"Ngoja daktari apite," Asnath alimwambia. "Akimaliza nitafungua pazia. Mchana jua huingia upande huu, utampata vizuri."

Fatu alitazama nje. Basi la Handeni lilikuwa likipiga honi.

"Nitarudi kesho, mama," akasema, akatoka mbio.

Mpira ulikuwa umepamba moto. Fatu alilinasa bao la kwanza wakati uleule nyavu zilipotanuka, na alijua hakuwahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Watu walikuwa bado wanashangilia simu ilipolia mfukoni.

"Shemeji," Iddy alisema. "Shemeji, Mwantumu ametutoka."

Fatu aliuacha mpira katikati. Alipofika Korogwe aliwakuta wanaume wakirudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo mikononi. Mama yake Iddy ndiye aliyemwosha mtoto, na mazishi hayakuweza kungoja.

Kesho yake alikwenda kwa Mustafa na zile picha za mtoto. Mustafa aliziweka kwenye kompyuta akaongeza mwanga, akaongeza tena. Yalitokea madoadoa mekundu na ya kijani, kama mchanga uliomwagwa. Akaondoa mkono.

"Kisichoingia kwenye lenzi, dada yangu, hapa hakizaliwi," alisema taratibu, bila neno la kumsuta.

Amne aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, gauni linampwaya. Alilala chali, akanyoosha mkono. Fatu akampa picha moja ya ukungu aliyoichapisha, kwa kuwa hakuwa na iliyo bora. Amne aliigeuza kuelekea dirishani.

"Kichwa kiko wapi?"

Fatu alimwonyesha kwa kidole.

"Na macho?"

"Alikuwa ameyafumba."

"Nimemuuliza Iddy, anasema alikuwa mdogo tu. Mama mkwe kila akianza kunisimulia analia." Amne alimgeukia. "Wewe ulikuwa naye. Alifanana na nani, dada?"

Fatu alifungua kinywa. Aliitafuta sura ile kichwani akakuta giza linalocheza, basi. Muda wote alipokuwa pale alikitazama kioo cha kamera. Hakuinua macho hata mara moja kumtazama mtoto mwenyewe.

"Sijui, Amne."

"Hujui?"

"Sikumtazama. Nilikuwa napiga picha."

Amne hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliiweka picha kifuani, akajigeuza akaukabili ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Fatu alimshika mgongo. Amne akausogeza mkono ule kando, polepole, kama mtu anayeondoa shuka asiyoihitaji.

Picha ya bao ilisifiwa Handeni nzima, lakini uso wa Mwantumu haupo popote ambapo mama yake anaweza kuutazama. Ama kweli, mshika mbili moja humponyoka.