Mafundi Wawili wa Mashini Moja

Methali ya fahali na zizi haisemi kwamba fahali ni mnyama mbaya. Fahali mmoja ni baraka nyumbani, na wa pili ni baraka kwa jirani. Inachosema ni kwamba zizi likiwa moja, wote wawili watataka kulala mlangoni, na atakayekanyagwa ni ndama.

Katika shule moja ya sekondari pale Ibanda, mjini Bukavu, maman Georgette alikuwa katibu kwa miaka kumi na minne. Mwaka huo alikuwa na hofu moja tu. Orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita ilitakiwa kufika kwa wakaguzi siku ya Ijumaa kabla ya saa sita, imechapishwa. Asiyekuwemo hafanyi mtihani wa taifa. Kati ya wanafunzi hao alikuwa Maombi, mpwa wake kutoka Bunyakiri, ambaye alikwisha kurudia mwaka wa sita mara moja, na shule haikuruhusu mara ya pili.

Orodha ilitoka katika kompyuta ya ofisi, na kompyuta hiyo ilikuwa na mafundi wawili. Wa kwanza ni papa Modeste, mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu kama kengele ya kanisa. Kila Jumanne asubuhi alileta programu kutoka ghala la mfumo wa kompyuta wenyewe kwa njia ya apt, amri ambayo huandika katika daftari lake kila faili na mahali pake. Wa pili ni Élie, mpwa wa mkuu wa shule, aliyemaliza chuo kikuu, mwepesi kama cheche. Yeye ndiye aliyetunga programu ya orodha kwa lugha ya Python, na kila Alhamisi alasiri alivuta vipande vyake vipya kutoka kwenye intaneti kwa amri nyingine, pip. Pip haisomi daftari la mwingine.

Georgette aliwapa wote wawili neno la siri la msimamizi. Kumnyima mzee ilikuwa aibu, na kumnyima mpwa wa mkuu ilikuwa hatari. Wala hakumwambia yeyote habari za mwenzake.

Basi ikawa hivi. Élie akiondoka, orodha ilifunguka vizuri lakini printa ilikuwa bubu, maana nayo ilitegemea kimoja cha vipande hivyo, tena cha toleo la zamani. Modeste akija, alirudisha cha zamani. Printa ikasema, orodha ikagoma. Kuitoa orodha nje ikachapishwe kwingine mkuu alikataza, kwa ajili ya siri za watoto.

"Maman Georgette, nani alikuya kugusa huku?" Modeste aliuliza.

"Pengine iko courant, papa. Ilikatika mara tatu jana."

Élie naye alipouliza, alijibiwa vilevile. Umeme wa Bukavu umebebeshwa dhambi nyingi, na hii ikaongezwa juu yake.

Wiki tatu zikapita. Jumatano kabla ya siku yenyewe, Maombi alipita ofisini.

"Tanti, jina yangu iko?"

"Iko ndani ya mashini."

"Na kama inabakia mule?"

Kesho yake, akitoka misa ya kwanza, Georgette aliwapigia simu mafundi wote wawili, akawaita waje kwa wakati mmoja.

Modeste aliingia akamkuta Élie amekwisha kukaa mbele ya kompyuta.

"Mutoto, hicho kiti kiko na mwenyewe."

"Papa, nilizania kiti iko ya shule."

"Mimi ndiye nilificha," Georgette akasema. "Munafanya kazi wote wawili kwa hii mashini. Courant haina kosa."

"Kumbe ni wewe unavunjaka kazi yangu!" Modeste akamfokea Élie.

"Papa, vitu vyenu ni vya zamani kama catéchisme ya babu."

"Ya zamani, lakini inachapisha!"

Mzee akamtaka aonyeshe anavyofanya. Élie akaandika amri yake. Kompyuta ikakataa, ikatoa maneno mengi. Bila kuyatazama, Élie akaongeza neno la kulazimisha.

"Ngoja kwanza. Ilisema nini?"

"Ni onyo tu, papa."

"Soma."

Élie akasoma polepole, akitafsiri: mahali hapa pana msimamizi mwingine, ukitaka kuweka vyako, jitengenezee mahali pa pembeni.

"Inasemaka vile kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Georgette alingoja mzee afoke tena. Hakufoka. "Na mimi nilikuta mafaili haiko mu daftari yangu," akasema. "Nilifuta tu. Sikuuliza ni ya nani."

Walifanya kazi hadi alasiri. Modeste alirudisha vitu vyote vya ghala mahali pake. Élie alijitengenezea folda iliyozungushiwa ua, akaweka humo Python yake na vipande vyake vyote, asiguse nje hata faili moja. Mwisho akamwambia Georgette abadilishe neno la siri, ampe papa Modeste peke yake.

"Na wewe?" Georgette akauliza.

"Mu parcelle yangu, ndani ya ua, siombi ruhusa, maman."

Ijumaa asubuhi orodha ilifunguka na printa ikasema, vyote kwa pamoja. Kurasa zilikuwa tatu. Georgette alishuka kwa kidole hadi mstari wa ishirini na saba, akakuta jina la Maombi, akazibeba kurasa mwenyewe kwa miguu hadi kwa wakaguzi. Saa nne na nusu muhuri ulipigwa.

Kompyuta ni ileile na mafundi ni walewale. Kilichoongezeka ni ua. Wala hakuna aliyemshinda mwenzake, kwa maana kweli ya wahenga haihitaji mshindi: fahali wawili hawakai zizi moja.