Sekela Aliyeacha Kazi Januari

Wakili msomi Rwechungura alikuwa kiboko ya wafanyakazi mahakamani. Kila bosi aliyetaka kufukuza watu alimkimbilia yeye. Siku moja akaamua kumfukuza Sekela, wakili mdogo wa ofisi yake, ili kiti akipate mpwa wake aliyerudi na digrii ya ng'ambo.

"Saini kwamba uliacha kazi kwa hiari," alimwambia. "Tarehe tunairudisha nyuma miezi miwili, muda wa kulalamika uwe umepita. Ukikataa, hupati kazi popote mjini."

"Miwili si kidogo hiyo, bosi?" Sekela alisema. "Weka Januari kabisa, ulale freshi. Na uandike kwamba kuanzia siku hiyo sisaini tena hati yoyote ya ofisi hii."

"Ona binti mwenye akili! Kweli nimekufundisha."

Akaandika, wakasaini wote, akagonga muhuri nakala mbili na kumpa moja. Sekela akaitia kwenye mkoba.

"Bosi, yule mteja wetu tajiri wa magodoro aliyefukuza wafanyakazi mia mbili, utetezi wake tuliopeleka mahakamani Machi ulisainiwa na nani?"

"Si ni wewe!"

"Mimi? Mimi niliacha Januari, na muhuri wako ninao. Kesho kesi ikiitwa, wale wafanyakazi mia mbili wakiiona nakala hii, utetezi wenu utatupwa, watu wafungie maandazi."

Rwechungura akakaa chini. "Unataka nini, mama?"

"Ajira ya kudumu. Kwa maandishi."

Akavuta kompyuta, akaanza kuchapa mwenyewe kwa kidole kimoja. "Tarehe niweke ipi?"

"Ya leo, bosi. Mimi kughushi siwezi."