Kofia ya Pazi

Hapo zamani, si ile ya sungura kusemezana na fisi, hii ya juzijuzi tu, watu wakiwa na simu mfukoni, palikuwa na fundi baiskeli mjini Tabora, jina lake Mihayo. Shule aliiacha darasa la sita. Ukimuuliza, atakwambia ni shule iliyoachwa nyuma, haikuziweza mbio zake. Mikono yake ilijua baiskeli. Mdomo wake ulijua kila kitu.

Siku moja zikaja habari kwamba Pazi anakuja. Pazi gani? Pazi yule Mzaramo wa pwani, mchekeshaji anayeimba huku akivuta kinanda cha mkononi, kichwani kofia nyekundu yenye kishada. Kila mji alioingia aliweka sharti moja: atakayemchekesha yeye Pazi, kofia ni yake. Miji tisa ilijaribu. Miji tisa ikabaki kichwa wazi.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Wakitukanana, hakasiriki mtu. Mihayo akasimama mbele ya kibanda chake, spana mkononi, akautangazia mtaa.

"Kofia ile ni yangu. Nikirudi bila kofia yangu, mwezi mzima msinisikie sauti."

Mtaa ukakidaka kiapo kile hewani. Wengine, Mungu awasamehe, usiku huohuo walimwombea ashindwe.

Siku tatu Mihayo alitunga. Siku tatu alifuta. Siku ya nne ubeti ukakaa sawa, akamwimbia binamu yake Kalunde, mshona nguo wa kibanda cha pili, mpaka naye akaujua kwa kichwa, apende asipende.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mihayo alikaa mstari wa mbele, kulia Kalunde, kushoto jirani yao Bi Nyamizi. Bibi huyu alikuwa na tabia yake: kicheko chake huchelewa. Mwambie kichekesho Ijumaa, atacheka Jumamosi bombani, ndoo ichuruzike yote.

Pazi akaanza kwa kuwatandika wenyeji. Aliimba kwamba Mnyamwezi mmoja alibeba mzigo kutoka Tabora hadi pwani kwa miguu, alipofika akaambiwa atue, naye akauliza, "Kwani nimebeba?" Ukumbi ukapasuka. Bi Nyamizi akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Halafu Pazi akauliza nani anaitaka kofia. Mihayo akasimama. Taa ikamwangukia usoni, watu elfu wakamtazama, na mdomo ule uliojua kila kitu ukakauka. Akafungua, hakikutoka kitu. Akafunga. Akafungua tena, kama perege nje ya maji. Nyuma watu wakaanza kuhesabu siku za mwezi.

Kalunde akasimama, akamkalisha binamu yake kwa bega, akaimba:

Kafukia nazi Pazi, pembeni akajilaza,
Nazi ikawa mnazi, Pazi bado kajilaza,
Likamshukia dafu, kichwani likamkwaza,
Kasema: dafu, jifue, mwenzio nimejilaza.

Aliuimba kwa uvivu, akipiga miayo katikati, jambo ambalo Mihayo hakulitunga hata ndotoni. Watu waligaragara. Pazi je? Uso mkavu. Ukumbi ukatulia, Pazi akashika kinanda aendelee, na Mihayo akauona mwezi wake wa kimya ukimjia.

Ndipo katika ukimya ule Bi Nyamizi akaanza. Kwanza kama pikipiki inayogoma kuwaka. Kisha ikawaka. Alicheka akajipiga mapaja, kilemba kikamtoka, akasema kwa shida, "Eti kwani nimebeba!"

Pazi akamtazama. Midomo ikamcheza. Akaangua kicheko, akaanguka chali juu ya kinanda chake, nacho kinanda kikalia chini yake kama punda. Tabora nzima ikasimama. Mji wa kumi umeshinda! Watu wasiojuana wakakumbatiana.

Pazi alipojifuta machozi, akavua kofia, akaiweka mezani. Hapo ndipo maneno yakaanza.

Mihayo, sauti ikiwa imemrudia ghafla, akadai ubeti ni wake kila neno. Kalunde alikuwa bomba tu, maji ni yake.

"Bomba, kaka?" Kalunde akamjibu. "Maji yako yalikuwa yameganda kooni. Na ile miayo uliitunga wewe?"

Bi Nyamizi akasema yeye hataki ugomvi, wajukuu zake wote hao, ila Pazi alicheka nani alipocheka?

Pazi akakohoa. "Watani zangu, ubeti ule uliniingia hasa, nikaubana kwa meno. Bibi akanifungua meno. Lakini bibi alicheka utani wangu mimi. Basi nimejichekesha mwenyewe, kofia ibaki kwangu."

Wakamzomea kwa upendo. Akakubali ibaki Tabora, mwenye kuistahili ajulikane baadaye.

Wakaibeba kwa nyimbo na vigelegele hadi mtaani, wakaitundika kwenye kibanda cha Mihayo, kwenye msumari wa kutundikia mipira ya baiskeli. Mtaa unasherehekea. Yeye tu amekaa chini yake, mkono mdomoni, hajui aseme au anyamaze. Ikiwa yake, ataongea mpaka mtaa ukome. Ikiwa ya mwingine, mwezi mzima kimya.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mwoneeni huruma fundi, au uoneeni mtaa. Mtunzi, mwimbaji, bibi wa kicheko cha kuchelewa, au Pazi mwenyewe: je, kofia ile alistahili nani?