Mafundo Manne ya Sekindole

Mnamcheka Atu kwa kumfumia mbwa wake sweta. Haya, chekeni mmalize, lakini mikono iendelee, maana hizo njegere hazijimenyi zenyewe. Huyu anasema mbwa ana manyoya yake, sweta ya nini. Yule anasema mbwa mwenyewe kakonda mbavu zinahesabika, na baridi hii ya Juni itamwondoa. Mnabishana juu ya kitu msichokijua. Hayo manyoya mbwa hakuumbwa nayo. Alivishwa, na aliyemvisha hakurudi kumvua.

Siku hizo mbwa alikuwa na ngozi tupu, ya kijivu, laini kama sikio la ng'ombe. Huko mabondeni kwenye joto haikumsumbua. Lakini huku kwetu juu, Lihanje, sakitu, ule umande unaoganda, ilikuwa ikianguka usiku hata asubuhi majani yanakatika chini ya mguu, na mbwa aliyelala nje bila nguo alikutwa amekauka. Kwa hiyo kila nyumba ilimshonea mbwa wake koti la ngozi ya kondoo, manyoya yakiachwa upande wa nje ili umande uteleze. Koti lilifungwa kwa kamba za ngozi, mafundo manne chini ya tumbo. Jioni mbwa alifungwa, asubuhi alifunguliwa, koti likaanikwa juani.

Na palikuwa na mwiko mmoja. Aliyefunga ndiye aliyefungua. Mke hakugusa fundo la mumewe, wala mtoto la mama yake. Mtu akisafiri, alimfungua mbwa wake kwanza, kisha wa nyumbani ndiye aliyemfunga jioni ile kwa mkono wake mwenyewe. Fundo la mtu lilifunguliwa na mkono mwingine siku moja tu, siku ya msiba wake. Mzee wa ukoo alipiga magoti mbele ya watu wote, akalifungua, na hapo watu wakajua mwenzao ameondoka. Mbwa naye akajua. Aliacha kungoja, akamfuata mtu mwingine.

Katika watu wa Lihanje alikuwapo mtu mmoja, Mgaya, na mkewe Sekindole. Walikuwa wamekaa miaka kumi na miwili bila mtoto. Wenzao waliitana Baba fulani na Mama fulani. Wao, kwa kukosa jina la mtoto, waliitana "mwenzangu", na walilizoea, wakalipenda. Sekindole alikuwa na mbwa jike aliyemwita Watasema, kwa sababu majirani walikuwa wakimsema, naye alitaka kila anapomwita mbwa wake wasikie.

Sasa mwaka huo baridi iliingia vibaya. Kondoo walikuwa wachache, na Sekindole akachukua ngozi nzuri kuliko zote, nene, akamshonea Watasema koti kwa sindano yake ya mfupa. Alikuwa anashona huku anamsemesha mbwa taratibu. Mgaya alirudi kutoka malishoni amelowa, meno yanagongana, na begani ana ngozi ya zamani iliyotoboka. Akaona ile ngozi nzuri imekwisha kukatwa. Mtu akishikwa na baridi na njaa kwa pamoja huwa hajui mdomo wake unakwenda wapi. Mgaya akasema, "Unamvisha mbwa kama mtoto. Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Alitamani kulirudisha lile neno hata kabla halijafika. Lakini lilifika. Sekindole aliinamia sindano yake. Alimaliza kushona, akamvisha Watasema, akafunga mafundo manne, kisha juu ya kila fundo akafunga jingine.

Kesho yake alfajiri wanawake walikuwa wanateremka bondeni kuchukua chumvi, safari ya siku nane kwenda na kurudi. Mgaya alikuwa macho, amelala kifudifudi, anatafuta jinsi ya kuanza kuomba radhi. Alimsikia mkewe akichukua mfuko. Kwa desturi ilimpasa kumfungua mbwa kwanza. Hakumfungua. Alisimama mlangoni akamwita mumewe kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane.

"Mgaya, usimguse. Nilichofunga nitakuja kukifungua mimi."

Akaenda. Mgaya alijiambia kwamba siku nane si nyingi, hasira ya mkewe itakuwa imepoa, naye atakuwa amelipanga neno lake vizuri.

Siku ya kumi wanawake walirudi bila Sekindole. Walisema mto ulifurika ghafla wakati yeye yuko nyuma peke yake. Tangu asubuhi ile alikuwa akitembea nyuma, hataki maneno. Walimngoja siku mbili ng'ambo, wakaita mpaka sauti zikawakauka. Hawakuona mtu wala mzigo. Mzee wa ukoo, Kihombo, alimwendea Mgaya akamwambia kwa upole kwamba wakati umefika wa kufungua.

Mgaya alikataa. Alisema mto una vivuko vingi, na mkewe anajua njia ya juu. Alisema Sekindole amefunga mwenyewe na atakuja kufungua mwenyewe, si mlisikia? Hakuna aliyekuwa amesikia ila yeye. Moyoni alijua anachokiogopa. Mafundo yale yakifunguliwa, Sekindole amekufa, na neno la mwisho kutoka kwa mumewe litabaki kuwa lile. Basi akawa anamlinda mbwa asiguswe, kama vile uhai wa mkewe ulikuwa umefungwa pale chini ya tumbo.

Mvua za msimu ule wa baridi zikaendelea. Koti likalowa likiwa mwilini, likakauka mwilini, likalowa tena. Watasema alikuwa akisimama, anajikung'uta kwa nguvu kuanzia kichwani hadi mkiani kulitoa, na koti halitoki. Kisha anakwenda kukaa njia panda, anatazama chini bondeni. Mvua zilipokwisha likaja jua, jua la Oktoba linalopasua udongo. Mbwa wengine wote walikuwa wazi, wamejinyoosha kivulini, na Watasema yuko ndani ya ngozi nene ya kondoo, ulimi umening'inia nje, anahema mchana kutwa. Watoto walimpelekea maji. Wanawake walimwambia Mgaya waziwazi kwamba anamtesa mnyama wa watu. Yeye alikuwa anainama, anaona kabisa mateso yale, anainua mkono, na mkono unarudi. Usiku mmoja aligusa fundo la kwanza kwa ncha ya kidole, akalia, akaliacha.

Na huo ndio ubaya wake, msinielewe vibaya. Alimpenda mkewe kweli. Lakini mapenzi yake yote aliyabebesha mbwa ayavae juani.

Ulipoanza msimu mwingine wa baridi akapita mwindaji mmoja kutoka bondeni, mtu mgeni kabisa, akiuliza kama kuna nyumba iliyopotelewa na mtu. Maji ya mto yalikuwa yameshuka, na kwenye matope aliokota mfuko wa ngozi uliooza. Ndani yake, chumvi ilikwisha kuyeyuka zamani. Palikuwa na sindano ya mfupa.

Mgaya aliipokea, akaiweka kiganjani, akakaa chini. Hakubisha tena. Alimwomba Mzee Kihombo jambo moja, kwamba afungue yeye mwenyewe, ingawa si desturi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye deni la neno. Mzee akakubali. Watu wakakusanyika, Watasema akaletwa kutoka njia panda, akasimama katikati yao.

Mgaya akapiga magoti. Akasema neno alilokuwa amelipanga tangu alfajiri ile, na kila mtu akalisikia: "Mwenzangu, hata bila mtoto mimi nilikuwa nimekutosha wewe, na wewe ulikuwa umenitosha. Nilisikia baridi nikasema upuuzi. Nisamehe."

Kisha akapeleka mkono chini ya tumbo la mbwa, akatafuta fundo. Hakulipata. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma, hakuna kamba. Akashika koti pembeni akavuta, na Watasema akalia kwa uchungu, kisha akamlamba mkono. Ngozi ya kondoo ilikuwa imeshikana na ngozi yake. Manyoya yalikuwa yake sasa, na damu yake ilikuwa inapita humo. Palipobaki patupu ni pale ambapo koti halikufika: pua, na nyayo chini. Tumboni kwenye mshono, pale penye yale mafundo manne, manyoya yalikuwa machache tu.

Mgaya alipapasa mpaka jua likazama, watu wakaondoka mmoja mmoja. Hapakuwa na cha kufungua. Sekindole alililiwa, lakini mafundo yake hayakufunguliwa, na kwa hiyo mbwa wake hakuambiwa. Asubuhi Watasema alisimama, akajikung'uta, akarudi njia panda. Mwezi uliofuata alizaa watoto sita, wote wamevaa. Mgaya alizeeka akikaa nao hapo barabarani, na inasemekana katika uzee wake alikuwa akiwaambia kila siku kwamba Sekindole hatakuja, nao walimsikiliza kwa heshima, kisha wakageuka kutazama njia.

Na tangu siku hiyo mbwa huzaliwa na koti lake. Ndiyo maana jua likiwaka huhema ulimi nje, na kila akisimama hujikung'uta kwanza, anajaribu kulivua. Ukitoka nyumbani, hata ukienda dukani tu, huketi akakungoja mlangoni, kwa sababu uzao wake haukuwahi kuambiwa kwamba kuna watu huondoka wasirudi.

Sasa nyinyi mlikuwa mnauliza, mbwa avishwe au asivishwe. Wengi wana koti la kuwatosha, na jingine juu yake ni kuwatesa. Lakini yule wa Atu ni mzee, manyoya yamemwisha, anatetemeka mbele ya macho yenu na nyinyi mnacheka. Mvishe, mama. Mfunge vizuri. Ila kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, kabla hujagombana na mtu, uende ukamfungue wewe mwenyewe.